Siku Baraza Lilipotoka Nje

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi nilipopelekwa kufundisha Meru, katika kijiji kilichokuwa juu karibu na msitu. Kwetu ni Mbeere, upande wa Ishiara, nchi ya jua na mbuzi na mashamba ya wimbi, na sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo asubuhi huuoni mlango wa jirani kwa sababu ya ukungu. Nilifika na sanduku la bati na leso mbili, nikatetemeka juma zima. Kimbeere changu na Kimeru chao ni ndugu, lakini ndugu wa mama mbalimbali: unasikia neno ukadhani unalijua, kumbe kwao lina maana nyingine kabisa. Watoto darasani walinicheka waziwazi, nami nikajifunza kucheka pamoja nao.

Kile kijiji hakikuwa kijiji kama vile watu walivyokizoea. Serikali ya Wazungu iliwaamuru watu watoke katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani, wakajenga vibanda vilivyobanana, vilivyozungukwa na handaki refu lililosimikwa vijiti vyenye ncha, na juu yake kukawa na mnara wa homgadi, wanamgambo wa serikali. Nilipofika mimi, Hali ya Hatari, iliyotangazwa kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, ilikuwa inaelekea mwisho. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa imelegezwa na akina mama waliweza kwenda mashambani kwao mchana kutwa. Ila watu hawakuruhusiwa kukutana bila kibali cha hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, na wanaume walikuwa wachache mno. Wengine walikuwa kizuizini, wengine walikufia msituni, na wengine hakuna aliyethubutu kuuliza waliko.

Nilipewa nafasi ya kukaa kwa mjane mmoja aliyeishi na mke wa mwanawe na mjukuu mdogo wa kike. Mwana mwenyewe alichukuliwa alfajiri moja na lori la askari kabla mtoto wake hajaanza kutambaa, na tangu hapo walisikia tu kwamba yuko kambini nchi ya mbali yenye joto. Nilimwita yule mjane Cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu, naye akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza, aliponivua viatu vyangu vilivyolowa na kuvianika karibu na moto bila kuniuliza lolote.

Alikuwa mfupi, mwembamba, ndewe za masikio yake zimetobolewa tangu ujana hata zikaning'inia. Sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Lakini siku moja pale mtoni nilishuhudia jambo. Wanawake wawili walikuwa wanagombania nafasi ya kuteka maji, wameshikana nguo, wanatukanana matusi ambayo mimi mtoto wa misheni sikujua yanatamkika. Cucu alifika, akautua mtungi wake, akasimama. Hakusema neno. Wale wanawake waliachana. Mmoja alimtekea mwenzake maji akamtwisha, na wakaondoka wameinamisha vichwa.

Nilimuuliza mkamwana wake tulipokuwa tunapanda mlima, "Kwa nini wanamwogopa hivyo?"

"Hawamwogopi," akanijibu. "Yeye ni wa baraza."

"Baraza gani? Mwanamke?"

"Baraza la wanawake. Usiniulize zaidi, Mwalimu. Wewe hujaolewa, na hata mimi niliyezaa najua kidogo tu."

Basi nikajua kwa mara ya kwanza kwamba pale palikuwa na mambo ambayo shule haikunifundisha. Baraza la wanaume nililijua, kwa maana kila mtu alilijua. Lilikuwa baraza kuu la wazee, lililokuwa juu ya mabaraza yote ya koo. Kesi iliyoshindikana chini ilipandishwa kwao. Hakuna aliyewapigia kura wazee wale. Mtu aliitwa na waliomo ndani, akachunguzwa mwenendo wake, akachinja fahali, akafundishwa yasiyosemwa nje, na akishaingia hatoki mpaka afe. Hata serikali ya Wazungu ililisikiliza. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kichaka cha miti mirefu iliyokatazwa kukatwa, ng'ambo ya mto, imezungushiwa ua wenye lango moja jembamba. Mwanamke hakuvuka lango lile. Akishtakiwa au akishtaki, alisemewa na mume au kaka au mwana.

Na mwaka ule wanawake wengi hawakuwa na wa kuwasemea.

Hedimani alitangaza habari asubuhi ya kazi ya lazima, tulipokuwa tumekusanywa kufyeka majani kando ya barabara. Alisema kwamba mashamba ya watu waliofungwa yanakaa bila mwenyewe, na kwamba serikali inataka ardhi ipangwe vizuri. Wazee wa baraza wangekaa baada ya mavuno ya wimbi, waamue yagawiwe nani. Watu waaminifu kwa serikali, alisema, wamengoja sana.

Nilimtazama mkamwana wa Cucu. Shamba alilosema halina mwenyewe lilikuwa lile ambalo yeye alikuwa amelilima peke yake tangu mumewe achukuliwe, na mtoto mgongoni, akirudi mbio kila jioni kabla ya kafyu kumkuta nje. Alikuwa amepanda njahi, yale maharagwe meusi, na nduma, yaani magimbi, kule bondeni penye maji.  Aliendelea kufyeka. Lakini aliufyeka mstari wake akaupita mwisho, akaingia katika mstari wa jirani, na yule jirani akamwachia tu.

Nyumbani alimwambia Cucu, "Mama, wakilichukua nitakwenda wapi? Nirudi kwa baba na mtoto huyu? Na yeye akirudi atanikuta wapi?"

"Kula kwanza," Cucu akasema.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Meru mjini kununua uzi na vitambaa, kwa sababu alasiri moja kila juma niliruhusiwa kuwafundisha akina mama kushona, chini ya macho ya mke wa hedimani. Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mzima mwenye kofia ya kusokotwa, aliyekuwa na duka njia ya kwenda Kinoru na aliyebeba mizigo hadi Maua. Alikuwa na redio dukani kwake, nayo ilikuwa jambo kubwa siku zile. Watu walisimama hadi barabarani kuisikiliza.

Nilikuwa nachagua uzi mtangazaji aliposema, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, kwamba huko Uingereza wanawake wameingia na kuketi kwa mara ya kwanza katika nyumba ya juu ya bunge, Nyumba ya Malodi. Nikaacha kuchagua.

"Mzee," nikamuuliza, "hiyo nyumba ya juu ni nini?"

Akacheka. "Mwalimu unaniuliza mimi? Haya. Wana nyumba mbili. Ya chini wanapigiwa kura. Ya juu hapana. Ya juu mtu huzaliwa lodi kama vile mtoto wa chui anavyozaliwa na madoa, ama malkia anamteua. Akiingia, ameingia. Atatolewa na kaburi."

"Na wanawake?"

"Miaka mamia kwa mamia hawakuruhusiwa. Nchi ina malkia, kichwani amevaa taji, lakini mwanamke mwingine hawezi kukaa pale akasema neno. Sasa wameingia wachache." Akatikisa kichwa. "Mungu ni mkubwa. Chukua ule uzi wa buluu, haufifii."

Nilirudi na maneno yale kichwani. Sikuyaona kama habari ya kutusaidia. Niliyaona kama ajabu tu, na siku ya kushona nikawasimulia akina mama kama ambavyo ningewasimulia habari ya theluji au ya meli. Mke wa hedimani alikuwa ameketi mlangoni na mtoto wake mgonjwa mapajani. Wanawake walikuwa wameinamia vitambaa. Nilipofika mahali pa kusema kwamba hakuna anayewachagua watu wa nyumba ile, sindano zilisimama.

Cucu hakuwa anashona. Macho yake hayakuona tundu la sindano, alikuja kwa sababu ya kuketi na wenzake. Akaniuliza, "Rudia, mwanangu. Wanaingiaje?"

"Wanaitwa, Cucu."

"Na kutoka?"

"Hawatoki mpaka wafe."

"Na kesi zilizoshindikana chini hupanda kwao?"

Sikujua jambo hilo vizuri, lakini nilikuwa nimesoma kidogo kwamba ni hivyo. "Nadhani ndiyo."

Wakatazamana. Bibi mmoja mnene akaangua kicheko, akafunika mdomo kwa leso. "Kumbe Waingereza nao wanalo!"

"Na wanawake hao," Cucu akaendelea, sauti yake ikiwa tulivu kama anayeuliza habari za mbegu, "walivunja mlango?"

"Hapana. Wenyewe wa ndani walikubali."

"Walikubali kwa sababu gani?"

 Nilisema sijui. Cucu akanitazama kwa huruma, akasema, "Mtu hakubali bure. Kuna walioketi mahali." Kisha akaniomba nimsaidie kusimama, na somo likaendelea.

Siku chache baadaye hedimani alipita nyumba kwa nyumba akitafuta watu wa kazi. Paa la nyumba ya wazee lilikuwa linavuja, na kikao kilikuwa karibu. Kazi ya kukata na kubeba nyasi za kuezekea ni ya wanawake tangu zamani, kwa hiyo alitaka wanawake. Cucu akamwambia kwamba ataleta wakongwe wenzake pamoja na wake wa vijana wao. Wangekata nyasi nzuri za bondeni na kuzibeba wenyewe mpaka langoni, bila kusukumwa na askari. Hedimani alifurahi sana. Alitoa kibali papo hapo, akamshukuru, akamwita mama.

Mimi sikuelewa kitu mpaka asubuhi yenyewe. Shule ilikuwa imefungwa, na Cucu akanitwisha mzigo wa nyasi kama mtu mwingine yeyote. Tuliondoka jua likiwa bado halijapasua ukungu, mstari mrefu wa wanawake, wakongwe mbele, kila mmoja amefunga mzigo kwa kamba ya ngozi iliyopita kwenye paji la uso. Homgadi wa mnarani alitutazama tukivuka daraja la handaki akapiga miayo. Hakuna aliyeimba. Kwa kawaida wanawake wa Meru hawabebi nyasi bila kuimba, na ule ukimya ndio ulioanza kunisisimua mwili.

Tulipofika kwenye kile kichaka, wazee walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Tulisikia sauti zao nyuma ya ua. Cucu alifika langoni, akautua mzigo wake, akaketi juu yake. Wakongwe wengine wakatua mizigo yao, huku na huku kandokando ya njia, wakaketi, magoti yao yakikaribia kugusana na ya wenzao wa upande wa pili. Sisi wachanga tuliketi nyuma yao. Hakuna aliyevuka lango. Hakuna aliyegonga wala kuita. Walinyoosha miguu, wakatoa ugoro, wakakaa.

Ndipo mkamwana wa Cucu aliponinong'oneza, na nikaelewa.

Kule kwetu Mbeere, kama ilivyo Meru na Embu yote, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani anaingia kichakani. Hawezi kumtazama usoni, hawezi kumgusa, hawezi kabisa kumruka miguu. Na wale wakongwe walioketi langoni walikuwa mama wakwe wa wale wazee waliokuwa ndani. Si wote, lakini wengi. Msemaji mwenyewe wa baraza, mtu mrefu mwenye mgwisho mweupe, alikuwa amemwoa binti wa kwanza wa Cucu. Lango lilikuwa moja. Ua ulikuwa wa miti hai iliyosokotana, na ni mwiko kuukata. Wale watu wote wakubwa, walioogopwa na machifu, wasingeweza kutoka mle ndani bila wake zao kuaibika mpaka kizazi cha tatu.

Tukaketi. Ukungu ukapanda, jua likaja, mlima ukafunuka mweupe kileleni kisha ukajifunika tena. Kijana mmoja aliyewatumikia wazee akatoka kwenda kuteka maji. Hakufika langoni. Aliona, akageuka, akarudi ndani kwa haraka. Sauti za ndani zikanyamaza.

Mzee mmoja asiye na mkwe pale alitumwa. Alisimama ndani ya lango, macho yake juu ya vichwa vyetu. "Mama zetu," akasema, "tunawashukuru kwa nyasi. Ziacheni hapo, mwende mpumzike."

"Tunapumzika," Cucu akajibu.

"Wazee wana kikao."

"Na sisi tuna kikao. Hatukuingia kwenu, baba. Tumeketi kwetu, nje."

Yule mzee akarudi ndani. Nilisikia ubishi ndani, wa chinichini, na mtu akikohoa sana. Wakati huo niliogopa mno. Nilifikiri juu ya mnara na bunduki, na juu ya kibali kilichosema nyasi tu. Mwanamke mmoja mchanga alianza kulia kimyakimya, na bibi mnene aliyekaa mbele yake akamshika mkono bila kugeuka.

Sijui walisemezana nini mle ndani. Ninachojua ni kwamba baada ya muda mrefu yule mzee alirudi, safari hii akizungumza na ardhi. "Mama zetu, mkisogea nyuma hatua chache, wazee watatoka wawasikilize."

Cucu alisimama, naye akasimamisha wenzake. Walisogea mpaka kwenye uwanja wa nyasi chini ya ile miti mikubwa, wakageuza migongo yao kwa heshima ili wakwe zao wapite. Ndipo nilipoliona jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Baraza kuu la wazee lilitoka nje. Walitoka mmoja mmoja kwa mpangilio wa marika yao, wazee kabisa mbele, mashuka yao yamefungwa begani, fimbo nyeusi mkononi. Walipita njia ile ile tuliyokuwa tumeketi kando yake. Wakaketi kwenye nyasi kwa nusu duara, na wale wenye mama wakwe pale wakaketi wakituonyesha migongo. Nyumba yao ikabaki tupu nyuma yao, mlango wazi. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba baraza ni ile nyumba. Siku ile niliona kwamba baraza ni watu, na kwamba watu wanaweza kusimama na kuhama.

Msemaji alisema, mgongo wake ukiwa kwetu, "Tunasikia."

Ilikuwa desturi ya wazee kushika vijiti wanapozungumza, na kuweka kijiti kimoja chini kwa kila hoja. Cucu hakuwa na vijiti. Alichomoa nyasi chache kutoka kwenye mzigo wake, akakaa katikati ya uwanja, kibibi kidogo kama kuku aliyelowa.

"Nimesikia mashamba hayana mwenyewe," akasema. "Mimi ni mzee, masikio yangu yameharibika, kwa hiyo nauliza. Shamba la mwanangu lina njahi. Njahi zile zilijipanda?" Akaweka unyasi chini.

Akashika wa pili.

"Mwanangu alipooa, mlikuja kwangu. Mlikunywa pombe ya asali, mkala mbuzi, mkamwambia msichana huyu, hapa ndipo utakapolima, hapa utazalia, hapa utazikwa. Ni nyinyi mliosema. Si mwanangu, yeye alikuwa kijana tu, alikuwa ameketi kando. Kama shamba limekwisha, basi maneno yenu yamekwisha. Mtapikeni yule mbuzi." Akaweka unyasi mwingine.

Mzee mmoja aliguna. Sikujua kama ni hasira au kicheko.

"La tatu namwambia mkwe wangu, naye asigeuke, anisikie kwa kisogo. Binti yangu yuko kwako. Nilikupa kwa sababu baraza lilisema ardhi ya mume ni kikao cha mke. Ikiwa mke anaweza kung'olewa mume akiwa hayupo, basi kesho wewe ukiitwa na Wazungu, au ukiitwa na Mungu, nitakuja kumchukua binti yangu jioni ile ile. Na hawa wenzangu watawachukua wao. Tutawaachia nyumba na mashamba. Mtapika wenyewe." Akaweka unyasi wa tatu polepole, akaunyoosha kwa kidole. "Nimemaliza. Na hatukuja kuwatukana. Tumewaletea nyasi."

Upepo ulipita kwenye miti. Nakumbuka mgongo wa yule msemaji, jinsi ulivyokuwa mpana, na jinsi mgwisho ulivyotulia mkononi mwake. Niliona mabega yake yakishuka. Hapo nilijua, kabla hajasema kitu, kwamba yule mtu amesikia mpaka ndani.

Bibi mnene naye alisema yake, na mwingine mwenye chongo. Halafu wazee wakakusanya vichwa pamoja, palepale nyasini, mbele yetu, jambo ambalo wanawake hawakuwahi kuliona. Walinong'ona mpaka kivuli cha miti kikatufikia. Msemaji akasimama, bado akiitazama nyumba.

"Shamba la mtu aliye hai halina mrithi," akasema. "Aliye kizuizini yu hai mpaka tuonyeshwe kaburi lake. Aliyemo shambani akilima ndiye atakayesimama mpakani pakipimwa. Na jambo la mashamba likirudi hapa, wazee hawatalimaliza kabla mama zetu hawajaitwa kuketi nyasini na kusema." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Amesema mama."

Hakutaja mama yupi. Kwa adabu asingeweza. Lakini kila mtu alijua.

Hatukushangilia. Cucu alituambia tuchukue mizigo, na tukawapa mafundi wa paa nyasi zao. Ni tuliposhuka mtoni, mbali na kichaka, ndipo bibi mnene alipopiga vigelegele mara moja, na mstari wote ukaitikia, hata ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Mkamwana wa Cucu alikaa kwenye jiwe akalia na kucheka pamoja, akiyaosha machozi kwa maji ya mto, na mimi nikakaa naye.

Mambo hayakuishia hapo, na hayakuisha vizuri yote. Hedimani alikasirika aliposikia. Kulikuwa na mashamba aliyokuwa ameyaahidi watu. Aliposhindwa kuwakamata wakongwe, kwa kuwa kibali kilikuwa chake mwenyewe, alinitafuta mimi. Niliitwa ofisini kwa bwana shauri, afisa wa serikali wa wilaya, Mzungu kijana mwenye uso ulioungua jua, akaniuliza kama ni kweli niliwafundisha wanawake siasa.

"Niliwaambia habari ya redio ya serikali," nikamjibu. 

"Habari gani?"

Nikamwambia.  Kisha akafanya kitu nisichokitarajia, akacheka kwa pua, na akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba nyumbani kwao baba yake alichukia sana habari hiyo. Hakunifunga. Lakini mwisho wa muhula nilihamishwa kurudi upande wa Embu, nchi ya chini karibu na kwetu, na somo la kushona likachukuliwa na mke wa hedimani.

Cucu alinisindikiza hadi barabarani. Nilimuuliza swali lililokuwa likiniwasha tangu siku ile: kama angependa kuingia mle ndani, kuketi pamoja na wazee chini ya paa lao, kama wale wanawake wa Uingereza. Alifikiri kwa uzito.

"Wale wanawake," akasema, "wakiingia, wanakaa kwenye viti vya wanaume. Labda kwao ni vizuri. Mimi nina baraza langu, mwanangu. Nilichotaka ni baraza lile linisikie." Lori likafika, yule mfanyabiashara akashuka kunisaidia na sanduku, na Cucu akanitemea mate kifuani kwa baraka, kama anavyobarikiwa binti anayekwenda kuolewa.

Nilipata habari zao kwa vipande, kwa watu waliokuja soko la Ishiara kununua mbuzi. Niliambiwa kwamba wanawake waliitwa nyasini tena, zaidi ya mara moja. Niliambiwa kwamba msemaji alipeleka mbuzi kwa Cucu na kufanya desturi inayoondoa mwiko kati ya mkwe na mama mkwe, ili aweze kumtazama usoni na kumwomba shauri, na kwamba tangu hapo alionekana akienda kwake mara kwa mara. Wapo waliomcheka. Yeye hakujali.

Ile haki haikudumu kama ilivyosemwa. Wapimaji wa serikali walipokuja miaka ya baadaye, baada ya uhuru, hawakuliuliza baraza. Waliandika jina la mwanamume, basi. Wanawake walisimama mipakani wakaonyesha mawe na miti, na majina yao hayakuandikwa popote. Cucu alikuwa amekwisha kufa kufikia wakati huo. Alikufa mchana, ameketi juani akichambua maharagwe, na wazee wa baraza walikuja kwenye maziko yake wakiwa na fimbo zao.

Lakini mwanawe alirudi, na hilo aliliona. Nilikuwapo. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea wakati wa likizo, mwaka ule watu walipokuwa wanaachiliwa kutoka kambini. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, amekonda, koti lake si lake, na binti yake mdogo akakimbia kujificha nyuma yangu kwa kuwa hakumjua. Mkewe alikuwa bondeni. Cucu alimgusa mwanawe uso wote kwa viganja, kisha akamwambia aende huko kwanza kabla ya kula. Tukamfuata kwa mbali. Alisimama ukingoni mwa shamba akaangalia nduma zilivyonenepa penye maji, na njahi zilivyotambaa, na mkewe aliyekuwa ameinama akipalilia bila kujua kwamba anatazamwa. Akataka kuita, akashindwa. Akavua lile koti, akalitundika kwenye mti wa mpakani, akaingia shambani kwa kufuata matuta, akikanyaga kwa uangalifu kama mgeni.